Bei Kabla ya Kisu: Matibabu ya Marekani, India na Ufaransa Tulivyoyapata

Katika muda wa miaka miwili hivi familia yetu imelazimika kutumia huduma za matibabu za nchi tatu: India, ambako dada yangu mkubwa alibadilishiwa goti mwanzoni mwa mwaka 2023; Marekani, ambako tunaishi na ambako mimi mwenyewe nilitolewa kibofu cha nyongo mwezi wa Februari 2024; na Ufaransa, ambako mke wangu aliugua sikio tukiwa safarini mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Risiti, ankara na barua zote nimezihifadhi katika jalada moja, na tathmini hii naiandika jalada hilo likiwa wazi mbele yangu. Ndugu na marafiki wamekuwa wakiniuliza kama ni kweli kwamba matibabu ya nje ni nafuu kuliko ya Marekani, na kama unafuu huo hauhatarishi maisha ya mgonjwa. Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au hapana, lakini kuna tofauti moja iliyojitokeza kila mara: India na Ufaransa tulijua bei kabla daktari hajamgusa mgonjwa, ilhali Marekani niliijua bei yangu kamili baada ya miezi mitano.

Nianze na sifa, kwa sababu Marekani inazistahili. Usiku ule maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, nikashindwa hata kunyoosha mgongo. Nilipofika katika kitengo cha dharura nilipelekwa kitandani mara moja, nikachomwa dawa ya kutuliza maumivu, na haikupita saa moja nikapigwa ultrasaundi iliyoonyesha vijiwe vilivyoziba njia ya nyongo. Daktari wa upasuaji alikuja kunieleza mwenyewe, akichora kwenye karatasi jinsi atakavyoingiza vifaa kwa matundu manne madogo bila kupasua tumbo lote. Asubuhi nilifanyiwa upasuaji na kesho yake jioni nikaruhusiwa. Hakuna aliyeniuliza kadi ya bima kabla ya kunipima, na huo haukuwa wema wa mhudumu mmoja tu: sheria ya mwaka 1986 inazilazimu hospitali zenye vitengo vya dharura na zinazopokea malipo ya Medicare, bima ya serikali iliyo hasa ya wazee, kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao.

Jambo jingine ambalo sikuliona kwingineko ni ukalimani. Mama yangu alipokuja kututembelea aliwahi kuishiwa pumzi tukampeleka hospitali. Muuguzi alivuta kitoroli chenye skrini hadi pembeni ya kitanda, akabonyeza, na sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo mama." Mama, ambaye tangu tufike alikuwa ameinamisha kichwa huku mimi nikimjibia kila swali, aliinua uso akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaanza kueleza mwenyewe kifua kinavyombana anapopanda ngazi, tena mambo ambayo mimi mwanawe hakuwahi kuniambia. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumpatia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza bila kumtoza, na wenzetu wengi hawalijui hilo, wakaendelea kuwatumia watoto wadogo kutafsiri habari nzito za wazazi wao.

Shida ilianza nilipokwisha kupona. Wiki ya tatu ilifika bahasha kutoka kampuni ya bima, ndani yake karatasi iliyojaa safu za tarakimu na juu yake maandishi mazito yanayosema kwamba hii si ankara. Ankara zenyewe zilikuja baadaye, na hazikuja pamoja. Hospitali ilileta yake, daktari wa upasuaji yake, daktari wa ganzi yake, mtaalamu aliyeisoma ultrasaundi yake, na hatimaye, wiki ya 11, maabara iliyokikagua kibofu chenyewe baada ya kutolewa ikaleta ya kwake. Watu watatu kati ya hao watano sikuwahi kuonana nao. Nilipoomba hospitali inipe ankara yenye mchanganuo, nikakuta nimetozwa picha ya CT ambayo sikupigwa. Nilipiga simu mara nne, kila mara nikianza upya na mtu mwingine, na wiki saba zilipita kabla hawajaifuta. Simtuhumu mtu kwa hila. Ninachosema ni kwamba mgonjwa asiyeomba mchanganuo angeilipa picha hiyo na asijue.

Baada ya marekebisho, jumla ya bei zilizoandikwa na wote watano ilikuwa dola 46,310. Kampuni ya bima ina mikataba ya bei ndogo na hospitali hizo, kwa hiyo jumla ikashuka hadi dola 17,200. Kwa mpango wangu wa bima, dola 6,000 za kwanza za kila mwaka ni juu yangu kabla bima haijaanza kuchangia, na kwa zile 11,200 zilizobaki nilitakiwa kulipa asilimia 20, yaani 2,240. Nikalipa dola 8,240, kwa awamu za miezi 18, juu ya ada ya bima inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Sheria ya bima ya mwaka 2010 iliweka dari ya kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kutakiwa kuchangia kwa matibabu yaliyo ndani ya mtandao wa bima yake, yaani kwa madaktari na hospitali zenye mkataba na bima hiyo, na kwa mwaka 2024 dari hiyo ilikuwa dola 9,450. Bila dari hiyo hali ingekuwa mbaya zaidi, na sitaki mtu asome malalamiko yangu akadhani bima haina faida.

Yapo mambo yaliyorekebishwa miaka ya karibuni, nami nilinufaika nayo. Daktari wa ganzi hakuwa ndani ya mtandao wa bima yangu, na zamani angeweza kunidai tofauti yote kati ya bei yake na kile kilicholipwa na bima. Tangu Januari 2022 sheria inamzuia kufanya hivyo, ingawa magari ya wagonjwa ya barabarani yaliachwa nje ya sheria hiyo. Tangu Januari 2021 hospitali zinatakiwa pia kuchapisha bei zake. Nilipopata nafuu nilifungua faili la bei la hospitali yangu. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba kompyuta ilikwama mara mbili, na nilipofanikiwa kuupata upasuaji wangu nilikuta safu za bei tofauti tofauti kwa upasuaji ule ule, kila kampuni ya bima na bei yake. Na hata kama faili lingekuwa rahisi, mtu anayejikunja kwa maumivu saa nane za usiku halinganishi bei.

Wengi hudhani Marekani ni ghali kwa sababu watu wake hutibiwa kupita kiasi. Mchumi Uwe Reinhardt, Mjerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Princeton, yeye na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba Wamarekani hawaendi kwa daktari wala kulala hospitali mara nyingi zaidi kuliko watu wa nchi nyingine tajiri. Kilichozidi ni bei ya kila kitu wanachopewa. Mwaka 2023 nchi hiyo ilitumia dola trilioni 4.9 kwa afya, sawa na dola 14,570 kwa kila mtu na asilimia 17.6 ya pato la taifa, na matarajio ya kuishi mwaka huo yalikuwa miaka 78.4, ilhali Japani, inayotumia fedha pungufu kwa kila mtu, watu wake hufikia miaka 84 hivi. Umri wa kuishi una sababu nyingi zaidi ya hospitali, zikiwemo chakula, bunduki na barabara, lakini fedha nyingi kiasi hicho zingepaswa kuonekana mahali fulani katika maisha ya watu.

Sasa nije India. Dada yangu anajiajiri, na wakati goti lake linakwisha hakuwa na bima. Sheria ile ile iliyoanza kutumika mwaka 2022 inampa mgonjwa anayejilipia haki ya kuandikiwa makadirio ya gharama, na akidaiwa dola 400 au zaidi juu ya makadirio hayo anaweza kupinga. Aliomba, akapewa: dola 34,000. Aliuliza pia kuhusu msaada wa wasiojiweza, ambao hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na sera yake ya maandishi, lakini kipato chake kilivuka kiwango chao kidogo. Ndipo akatuma picha za eksirei kwa hospitali moja ya binafsi kusini mwa India.

Barua ya majibu ilikuja siku ya tatu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja jina la daktari atakayempasua, aina ya goti bandia, usiku tano wa kulazwa, mazoezi ya viungo mara mbili kwa siku, na bei tatu kulingana na chumba: wodi ya pamoja, chumba cha watu wawili, na chumba cha peke yake. Chini ilieleza kinachoachwa nje ya kifurushi, yaani kuongezewa damu, siku za ziada na dawa za kwenda nazo nyumbani. Chumba cha watu wawili kilikuwa dola 6,200. Barua hiyo naithamini kuliko karatasi nyingine yoyote iliyomo katika jalada langu, kwa sababu dada yangu aliisoma mezani kwake, akachukua kalamu, akapiga hesabu na kuamua akiwa na akili yake timamu.

Unafuu huo una sababu zake. Mishahara na majengo ni nafuu, na hospitali kubwa za huko hufanya upasuaji wa aina moja mara nyingi mno kwa siku. Lakini upo pia mkono wa serikali: Agosti 2017 India iliweka ukomo wa bei ya magoti bandia, na aina inayotumika zaidi ikawekewa rupia 54,720 kabla ya kodi. Marekani hakuna ukomo wa namna hiyo, na chuma cha goti kinaweza kuwa sehemu kubwa ya ankara. Kuhusu ujuzi, madaktari wengi wa hospitali hizi wamesomea au kufanya kazi Uingereza na Marekani. Hata Prathap Reddy, aliyefungua hospitali ya kwanza ya kampuni ya Apollo mjini Chennai mwaka 1983, alikuwa daktari wa moyo Marekani kabla ya kurudi kwao.

Tulisafiri yeye kwa viza ya matibabu, mimi kwa viza ya msindikizaji wa mgonjwa. Fedha zililipwa zote kabla ya kulazwa, na msomaji ajue kwamba huko asiyelipa hapandi kitandani. Chumba kilikuwa safi, nami nikapewa kochi jembamba la kulala pembeni ya mgonjwa, kwani huko ndugu anatarajiwa kukaa, kumlisha na kumwita muuguzi. Kesho yake ya upasuaji wauguzi wawili walimsimamisha dada kwa fremu ya kutembelea. Alilia kwa maumivu, nao hawakumwachia. Wakahesabu hatua zake kwa Kiingereza, moja hadi sita, wakamrudisha kitandani. Siku ya tano alipanda ngazi nne. Ankara ya mwisho ilikuwa dola 6,200 kama ilivyoandikwa, na dola 85 za dawa za kuzuia damu kuganda ambazo barua ilikwisha kuzitaja kuwa nje ya kifurushi.

Kasoro zilikuwepo. Tulipopewa muhtasari wa matibabu, haukuwa na vibandiko vidogo vyenye namba za goti bandia, vile ambavyo hubanduliwa kwenye boksi la kiwandani na kubandikwa katika faili la mgonjwa. Nilivigundua kukosekana siku moja kabla ya kuruka, nikarudi hospitali, nikazungushwa ofisi tatu kwa saa tano kabla ya kupewa nakala. Nilidhani nasumbuka bure. Tuliporudi Marekani, kliniki tatu za mifupa zilikataa kumwona dada kwa sababu hazikutaka kubeba mzigo wa upasuaji wa daktari mwingine, na ya nne ilipokubali, swali la kwanza la daktari lilikuwa kuhusu namba hizo, kwani siku goti likihitaji kufunguliwa tena ni lazima ajue vipande vya kampuni gani vimo ndani. Yeyote anayekwenda nje kuwekewa kitu mwilini asiondoke bila vibandiko hivyo.

Gharama kamili basi ni hii: kifurushi 6,200, tiketi mbili 2,900, nyumba ya wageni na chakula 1,100 kwa sababu daktari alikataa tupande ndege kabla ya wiki tatu akihofia damu kuganda miguuni, viza, teksi na dawa 400, halafu vikao 12 vya mazoezi ya viungo Marekani kwa dola 95 kila kimoja, yaani 1,140. Jumla dola 11,740, kama theluthi moja ya makadirio ya Marekani. Anayetangaza matibabu ya nje kwa kutaja ile 6,200 peke yake hasemi ukweli wote. Na katika hesabu hii hakuna mahali pa kuandika kwamba kama jambo lingeharibika, kumshtaki daktari aliye bara jingine karibu haiwezekani.

Sina budi pia kusema kwamba bei iliyokuwa nafuu kwetu haikuwa nafuu kwa wenyeji. Katika foleni ya malipo nilisimama nyuma ya mzee aliyefungua kitambaa chenye noti, mwanawe akizihesabu mara mbili. India ilianzisha mwaka 2018 mpango wa bima kwa familia maskini unaofikia rupia 500,000 kwa mwaka, lakini watu wengi wa huko bado hulipia matibabu kutoka mfukoni. Mgonjwa wa kigeni anaonja sehemu iliyo bora ya huduma ya nchi ile, na asiitumie kuihukumu nchi nzima.

Vilevile "nje" si mahali pamoja. Mwaka 2023 Wamarekani kadhaa waliofanyiwa upasuaji wa urembo kwa ganzi ya mgongo katika kliniki za Matamoros, Meksiko, walipata ugonjwa wa uti wa mgongo uliosababishwa na kuvu, na baadhi yao wakafariki. Nchini humo humo, katika mji wa Los Algodones ulio mpakani na California, karibu na Arizona, madaktari wa meno huwahudumia wageni wengi wanaovuka kwa miguu, hasa wazee ambao Medicare haiwalipii huduma nyingi za meno. Ithibati ya JCI, shirika la ukaguzi wa hospitali lenye asili ya Marekani, ndiyo ya kwanza ninayoitafuta. Hospitali ya Bumrungrad ya Bangkok iliipata mwaka 2002, ya kwanza Asia. Haimhakikishii mtu kupona, ila inaonyesha kwamba kuna wakaguzi wa nje waliopita kuangalia jinsi mikono inavyooshwa na dawa zinavyohifadhiwa.

Ufaransa nitaipitia kwa haraka kwa kuwa hata matibabu yenyewe yalikuwa ya haraka. Daktari alifungua mlango mwenyewe, hakuwa na karani. Alimpima mke wangu sikio, akaandika dawa, kisha akageuza kimashine cha kadi juu ya meza ile ile na kupokea euro 26.50, ambayo ndiyo iliyokuwa bei rasmi ya daktari wa kawaida wakati huo. Bei hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani katika chumba cha kusubiri. Mkazi wa Ufaransa hurudishiwa asilimia 70 na bima ya taifa, na nyingine mara nyingi hulipwa na bima ya nyongeza. Sisi wageni tulilipa yote, na bado ilikuwa ndogo kuliko mchango ninaotoa Marekani kwa kumwona daktari nikiwa na bima. Hatukupata ankara nyingine tena. Uingereza na Kanada, ambazo watu hupenda kuzitaja katika mijadala hii, sikuzitumia, na upasuaji wa kupangwa huko una tatizo la kusubiri. Nchini England lengo la kuwaanzishia wagonjwa matibabu ndani ya wiki 18 halijafikiwa tangu mwaka 2016.

Kwa dharura, ajali au saratani ngumu ningebaki Marekani bila kusita, na ningewaomba walio karibu nami waanze kuomba mchanganuo siku ile ile ninayoruhusiwa. Kwa upasuaji unaoweza kupangwa, kwa mtu asiye na bima na mwenye ndugu wa kumsindikiza, hospitali ile ya India naipendekeza kwa moyo mkunjufu, licha ya saa zangu tano za kutafuta vibandiko.

Goti la pili la dada lilianza kuuma mwaka 2025. Aliandika India, na barua ya ukurasa mmoja ikaja siku ya pili. Lakini safari hii alikuwa na bima, na dari ya mchango wake kwa mwaka huo ilikuwa dola 9,200, ambayo ilikuwa pungufu ya safari nzima ya India. Kwa hiyo amechagua kupasuliwa Marekani, karibu na nyumbani, na daktari atakayeendelea kumwona. Tarehe ameshapewa. Makadirio ya bei aliyoyaomba wiki sita zilizopita bado hayajafika.